Sarufi kwanza au insha kwanza?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza kidato cha kwanza uwaanzie sarufi au insha ya maelezo. Usivitenganishe. Mimi huwapa jambo wanalolijua kwa mikono yao: jinsi ya kupika chapati. Aya moja tu, hatua kwa hatua, bila kisa cha shangazi aliyeunguza (watakichomeka tu, wanapenda masimulizi hao).

Kisha nachukua sentensi moja daftarini, bila kumtaja mwenyewe, naiandika ubaoni: "Unga yako ikilainika, unaikata madonge." Tunairekebisha pamoja: "Unga wako ukilainika, unaukata madonge." Wakishaona "wako", "u-" ya mwanzo wa "ukilainika" na "-u-" ya katikati ya "unaukata" vyote vinaufuata unga, ngeli zinawaingia kuliko kukariri jedwali zima.

Viunganishi viache wiki ya pili, maana wakishajifunza "kisha" tu kila sentensi itaanza na "kisha". Kwenye kusahihisha, shika upatanisho pekee, yaani maneno kuifuata ngeli ya nomino yake, makosa mengine yapite kwanza. Daftari likirudi limejaa wino mwekundu, mtoto anatazama alama na kulifunga.