Jibu: Nikikesha nasoma, mbona asubuhi nasahau?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukikesha kwa kahawa, saa nane usiku unaelewa kila kitu, halafu kwenye mtihani kichwa kinakuwa cheupe. Kuelewa na kuhifadhi ni kazi mbili tofauti.

Unachosoma hupokelewa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Ukizama kwenye usingizi mzito, ubongo huyapitia upya uliyojifunza na kuyahamishia kidogo kidogo kwenye gamba la nje, yakae muda mrefu. Usipolala, kazi hiyo inakwama. Na hasara haiishii hapo: hipokampasi iliyochoka hupokea mambo mapya kwa shida. Ndiyo maana wakati mwingine unarudia aya ileile mara tatu, macho yanatembea kwenye mistari lakini hakuna kinachoingia.

Kahawa uliyoitaja haisaidii hapo. Huziba njia za adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi. Husinzii tu, lakini kumbukumbu bado hazijahamishwa. Tena baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini ya kahawa hiyo bado imo mwilini.

Kufidia usingizi wikendi kunapunguza uchovu, ila usiku wa kwanza baada ya kusoma ndio wenye uzito zaidi (wengi hawaamini hili).

Mtihani ukiwa saa tatu asubuhi, mimi ningefunga daftari saa nne usiku, nilale, niamke kumi na moja alfajiri nijiulize maswali bila kutazama majibu.