Muulize Fundi: mbona GDB haioni maktaba yangu?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Naandika programu kwa C ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani, kila aina ya mizani ina plagini yake, yaani maktaba, faili la .so ambalo programu inalifungua yenyewe kwa dlopen ikishajua imechomekwa mizani gani. Kuna mizani moja inaleta uzito hasi, nikaingia GDB (ile programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine) nikaandika break soma_uzito ili isimame ikifika kwenye fanksheni hiyo, inanijibu eti fanksheni hiyo haijulikani halafu inaniuliza swali refu la ndio au hapana, nabonyeza Enter tu, naandika run, programu inapita moja kwa moja haisimami. Na fanksheni ipo, nimeiandika mwenyewe! GDB yangu mbovu au? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. GDB yako nzima, tatizo ni hiyo Enter. Lile swali refu ulilolipita ndo lilikuwa linakuuliza, hii fanksheni saivi siioni, niiweke brekipointi (alama ya kusimamisha programu) iwe kiporo mpaka maktaba ije? Na ukibonyeza Enter bila kuandika kitu GDB inahesabu umesema hapana. Andika y, basi.

Ila ngoja nikwambie kwa nini haioni, maana ukilielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Kabla ya run hakuna kinachokimbia, GDB imesoma faili la programu yako tu kwenye diski, na soma_uzito haimo humo, imo kwenye lile .so. Ukisema run, kabla hata main yako haijaguswa, anaingia kwanza mpakiaji, kwenye Linux ya kawaida ya biti 64 ni faili linaitwa ld-linux-x86-64.so.2, huyu ndo anazileta libc (maktaba kuu ya C) na wenzake kwenye memori. Halafu anatunza orodha, kila maktaba iliyopakiwa ina mstari wake wa jina na anwani ilipokaa, orodha yenyewe inaitwa link_map. Sasa GDB inajuaje orodha imebadilika? Hapa napapenda sana. Mpakiaji ana kafanksheni kamoja tupu kabisa, _dl_debug_state, hakafanyi kazi yoyote ile, kanaitwa tu kila orodha inapobadilika, na kazi yake duniani ni GDB iweke brekipointi yake ya siri hapo! Programu inasimama kidogo bila wewe kujua, GDB inasoma orodha upya, inaona mgeni kaingia, inafungua faili lake, inasoma majina yaliyomo, inaangalia viporo vyako kama kuna chochote kinachoshika, kisha inaiachia programu iendelee. Siku hizi glibc (ndiyo libc ya Linux nyingi) ina alama nyingine za kazi hiyohiyo zinazofanya mambo yaende haraka zaidi lakini wazo ni lilelile, na ni la zamani kweli, faili la ndani ya GDB linaloshughulikia haya mpaka leo linaitwa solib-svr4.c, hiyo svr4 ni ile Unix ya AT&T, System V Release 4.

Utasikia watu wanakwambia andika start kwanza, ufike main, ndo uweke brekipointi. Ni kweli kwa maktaba ulizolinki wakati wa kukompaili, hizo ukifika main zishaingia. Ya kwako haitakubali hata hapo, dlopen inaitwa mbele huko. Kama hutaki kuulizwaulizwa weka set breakpoint pending on kwenye faili lako la .gdbinit (GDB inalisoma kila ikianza), ila mimi siiweki, sababu ukikosea herufi moja, ukaandika soma_uzto, GDB itakaa kimya inaisubiri fanksheni ambayo haitakuja milele na wewe utakaa hapo unalaumu mizani. Afadhali iniulize. (Wanaotumia LLDB, dibaga nyingine kama GDB, hawaulizwi kabisa, brekipointi inawekwa kiporo yenyewe, kwa hiyo herufi waziangalie mara mbili.)

Kitu kingine, programu ikishasimama andika info sharedlibrary. Inakuonyesha kila maktaba, anwani zake, na njia ya faili lenyewe. Isome hiyo njia jamani! Mimi nshawahi kupoteza siku mbili nzima narekebisha kodi (ya programu, sio ya nyumba), nakompaili, naendesha, hitilafu iko palepale, nikaanza kujiona sijui kazi, kumbe iliyokuwa inapakiwa ni kopi ya zamani niliyoisahau /usr/local/lib na mpya yangu imekaa tu kwenye folda yake hakuna aliyeiita. Mstari mmoja wa info sharedlibrary ungeniokoa.

SWALI: Fundi, programu yetu imekrashi kwenye seva ya mteja, wametutumia core faili, nikiifungua kwa GDB kwenye laptopu yangu na kuandika bt (ya kuonyesha fanksheni zilizokuwa zinaitana) napata alama za kuuliza mbilimbili kuanzia juu mpaka chini. Core imeharibika? – Dada wa Nairobi

JIBU: Huenda ni nzima kabisa dada, ila unaisomea maktaba za nyumba nyingine. Core ni picha ya memori ya pale seva, inasema libc ilikaa anwani hii na ile nyingine anwani ile, GDB inaenda kutafuta faili zenye majina hayohayo kwenye laptopu yako, inazikuta, lakini ni toleo jingine, fanksheni zimesogea, na ndo unaambulia alama za kuuliza. Mara nyingi inakuonya pale mwanzoni kwamba maktaba hailingani, ila nani anasoma maonyo.

Waombe wakutumie .so zote kutoka kwenye seva ileile, pamoja na mpakiaji wake, zikae kwenye folda zilezile, mfano seva/lib/x86_64-linux-gnu na kadhalika. Halafu fungua GDB bila core, andika set sysroot na njia ya hiyo folda ya seva, kisha file, kisha core-file, kwa mpangilio huo. Kama wamekutumia faili zimerundikwa pamoja bila folda, tumia set solib-search-path, na set sysroot uielekeze kwenye folda isiyokuwepo, la sivyo GDB itazikuta kwanza za laptopu yako. Kuhakikisha zinalingana angalia build ID, ni namba ndefu linka anayoiandika ndani ya faili, readelf -n itakuonyesha. Zikitofautiana hizo si zenyewe hata kama jina na vesheni vinafanana. Na kama seva ni ya Debian, Ubuntu au Fedora, GDB kuanzia toleo la 10 la mwaka 2020 inaweza kuvuta taarifa za dibagi kwa hiyo build ID kupitia debuginfod (huduma ya mtandaoni inayotoa taarifa hizo), unahitaji intaneti na DEBUGINFOD_URLS iwe imewekwa.

SWALI: Nikiandika step (ya kwenda mstari kwa mstari) kwenye fanksheni ya maktaba, GDB inairuka kama haipo.

JIBU: Maktaba hiyo haikukompailiwa na -g, yaani haina taarifa za dibagi. Kwenye info sharedlibrary utaikuta ina nyota. Kompaili upya na -g -O0, au kama si yako weka set step-mode on, itaingia ila utaona maelekezo ya mashine tu, jiandae.

SWALI: Nataka kujaribu maktaba yangu kwa LD_PRELOAD (inayolazimisha maktaba ipakiwe kabla ya nyingine), nikiiweka kwa set environment ndani ya GDB inakrashi kabla programu haijaanza. – Kijana, Mwanza

JIBU: Inayokrashi ni sheli (ile inayopokea amri zako kwenye terminali), kijana wangu. GDB inaanzisha programu kupitia sheli, kwa hiyo maktaba yako inaingizwa kwa sheli kwanza na haiwezani nayo. Andika set exec-wrapper env LD_PRELOAD=./libjaribio.so, hapo inaingia kwa programu yako peke yake. Na kama bado inakrashi, basi sasa ni ya kwako kweli, tuandikie tena.