"Mbele" ni wapi? Lebo za viungo vya blogu kwa Kiswahili

Daladala za Mjini Unguja haziandikwi "Inayofuata". Huandikwa Fuoni, Bububu, Mwanakwerekwe, na abiria aliyesimama Darajani anajua apande ipi bila kuuliza. Lebo ya kiungo kwenye blogu ina kazi hiyohiyo. Lakini blogu nyingi za Kiswahili zimeachwa na "Older Posts" iliyokuja na themu (muundo uliotayarishwa wa sura ya blogu), au zimetiwa "Mbele" na "Nyuma", na hilo ni baya zaidi.

Tatizo ni hili. Orodha ya makala hupangwa mpya juu, za zamani chini, kwa hiyo ukurasa unaofuata wa orodha humpeleka msomaji kwenye makala za zamani. Akishafungua makala moja, ile "inayofuata" humpeleka kwenye mpya zaidi. WordPress ina amri mbili zinazopishana kwa herufi moja tu: next_posts_link hurudi kwenye tarehe za nyuma, next_post_link huja kwenye tarehe za karibuni. Ukizipa zote mbili neno "Mbele", msomaji atazunguka palepale. Andika kile anachokwenda kukikuta: "Makala za zamani", "Makala mpya".

Kwenye Blogger, ingia Theme, bonyeza kishale kilicho kando ya Customize, uchukue Backup (nakala ya akiba) kwanza. Usiiruke hatua hiyo. Kisha Edit HTML, bonyeza ndani ya kisanduku cha msimbo, Ctrl+F, utafute olderPageTitle. Kwenye themu za zamani utaikuta zaidi ya mara moja. Ile iliyo ndani ya expr:title iache. Badilisha <data:olderPageTitle/> peke yake, iliyo kabla ya </a>. Fanya vivyo hivyo kwa newerPageTitle.

Hapa sarufi yetu inadai haki yake. Kiungo hichohicho hutokea kwenye orodha na kwenye makala moja moja. "Makala mpya" haina taabu, maana "mpya" haibadiliki iwe moja au nyingi. Lakini "Makala za zamani" chini ya makala moja ni kosa. Pale yafaa "Makala iliyotangulia". "Makala kongwe" ingefaa kote kuwili, ila ni neno zito mno kwa kitu kilichoandikwa wiki iliyopita. Bora uweke sharti, yaani msimbo unaochagua maneno kulingana na aina ya ukurasa, mahali pa <data:olderPageTitle/>:

<b:if cond='data:blog.pageType == "item"'>Makala iliyotangulia<b:else/>Makala za zamani</b:if>

Alama ya & usiiweke peke yake kwenye lebo. "Pwani & Visiwa" itakataliwa unapohifadhi; andika &amp; au, vizuri zaidi, "na".

WordPress yenye themu ya bloku ni nyepesi: Appearance, Editor, Templates, bonyeza maneno ya kiungo chenyewe uandike yako. Themu za kizamani hudai faili la PHP, na hilo libadilishe ndani ya themu-mtoto (child theme, inayorithi themu kuu), la sivyo themu ikisasishwa kazi yako yote inafutika. Jihadhari na ritifaa ('). Ukiandika 'Habari za Ng'ambo' kati ya alama moja moja, PHP huona maneno yamekwisha kwenye Ng, na tovuti nzima inaweza kugoma kufunguka. Zungushia alama mbili mbili: "Habari za Ng'ambo".

Kwenye themu hizo za kizamani, lebo za menyu ya juu ziko Appearance, Menus: fungua kishale cha kipengele, badilisha Navigation Label. Anwani ya ukurasa haiguswi, na usiiguse, maana viungo vilivyokwisha kusambazwa WhatsApp vinaweza kufa. Blogu ya safari za Pemba yenye lebo "Huduma zetu" haijamwambia mtu kitu. "Kisiwa cha Misali" na "Msitu wa Ngezi" zimemwambia. Maneno yawe machache pia. "Wasiliana nasi kwa maelezo zaidi" hukatika mistari miwili kwenye simu, "Mawasiliano" yatosha.

Ukimaliza, futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda), fungua blogu kwa simu kwenye dirisha la faragha, upite kurasa tatu za orodha: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ya kwanza isioneshe "Makala mpya", ya mwisho isioneshe "Makala za zamani". Kisha fungua makala moja ya katikati, bonyeza kila kiungo, utazame tarehe unayofikia.