Jicho Moja na Malipo ya Ulemavu Marekani

SWALI: Nafanya kazi bohari hapa Ohio. Jicho langu la kushoto limepofuka. La kulia linaona vizuri kwa miwani. Je, nastahili malipo ya ulemavu?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Idara ya Hifadhi ya Jamii hupima jicho lenye nafuu likiwa na miwani, na humhesabu mtu kuwa kipofu endapo uoni wa jicho hilo hauzidi 20/200, yaani kwa futi 20 anaona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa futi 200, au upana wa eneo analoliona hauzidi nyuzi 20. Kwa hiyo upofu wa jicho moja, ingawa ni msiba, peke yake hautoshi. Ikiwa una maradhi mengine, tuseme kisukari, yataje yote, kwa kuwa hupimwa kwa pamoja.