Barua pepe kwa mnunuzi wa nje: wapi uweke "huenda", wapi uiondoe

SWALI: Sisi ni kikundi cha wafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora. Mnunuzi wa Ujerumani ameuliza kama tunaweza kumpatia tani 5 za asali yenye unyevu usiozidi asilimia 20, mzigo uondoke Dar es Salaam mwezi Agosti. Tukamjibu kwa Kiingereza kwamba tunadhani inawezekana, tutajitahidi mzigo uwe tayari, na bei huenda ikawa ile ya mwaka jana. Akarudisha mstari mmoja: "Mzigo mnao au hamnao?" Tumwombe radhi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Msiombe radhi, mpeni takwimu. Wajerumani wengi kwenye biashara huuliza hivyo hivyo, moja kwa moja, na wala hawakusudii ukali. Kasoro iko kwenye barua yenu: mna mambo yaliyopimwa na mambo ya kukisia, nanyi mmeyapa yote maneno ya wasiwasi. Mnunuzi atajuaje lipi ni lipi?

Chukueni karatasi, orodhesheni kila alichouliza, kisha jiulizeni: hili liko mikononi mwetu? Asali iliyokwisha chujwa na kufungwa ndooni iko mikononi mwenu. Unyevu mmeupima wenyewe kwa rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa asali. Bei mnaipanga nyinyi. Hapo "tunadhani" na "huenda" hazina kazi. Tuseme tani 3.2 ziko tayari. Andikeni kwa Kiingereza chepesi chenye maana hii: "Ghalani tuna tani 3.2, unyevu asilimia 18.5, tumepima tarehe 4 Juni. Bei ni hii kwa kilo, FOB Dar es Salaam, Incoterms 2020, na itadumu hadi 30 Juni." FOB maana yake gharama ni zenu hadi mzigo upakiwe melini; Incoterms ni kanuni za kimataifa zinazoeleza masharti kama hayo. Hofu yenu ya bei kupanda inatibiwa na hiyo tarehe ya ukomo. Mkiandika "huenda ikawa ileile", mnunuzi hana namba ya kumpelekea mhasibu wake, na barua yenu inakaa bila jibu.

Tani 1.8 zilizobaki bado ziko mizingani. Hapo tahadhari ni ukweli wenyewe, na kuiondoa ni kudanganya. Ila isiende peke yake: ifuatane na sababu, na siku mtakayokuwa na uhakika. "Tunatarajia tani 1.8 zaidi. Mizinga ya mbali haijarinwa. Tutathibitisha kiasi kamili ifikapo 10 Julai." Siku hiyo ikifika andikeni, hata kama asali haikutosha. Hapa ndipo vikundi vingi huharibikiwa: hesabu haijakamilika, wananyamaza, na mnunuzi ama anahesabu tani zote 5 zipo, ama anatafuta kwingine kimyakimya.

"Tutajitahidi" kwetu ni ahadi yenye adabu. Likiingia kwenye Kiingereza cha biashara, msomaji anamwona mtu anayejiandalia mlango wa kutokea. "Mungu akipenda" msiliache, lakini liwekeni kwenye maagano ya mwisho wa barua, mbali na sentensi inayotaja tarehe ya mzigo. Na sentensi moja inatoshwa na neno moja la tahadhari; "tunadhani pengine tungeweza" ni maneno matatu yanayofanya kazi ya moja.

Mtakapokubali oda, kuweni waangalifu zaidi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka kukubali kuwe kamili, bila masharti. Ukiandika "Tunakubali, ila huenda tukaomba malipo ya awali zaidi", hujakubali bado. Umefungua mazungumzo upya. Sharti la malipo litajwe mapema, kwa asilimia yake, kwenye barua ileile ya bei. Mkishaelewana, kubalini bila "ila".

SWALI: Tunauza kahawa kutoka Kasulu, Kigoma. Mwingereza ametuandikia kwamba ingekuwa vizuri, pengine, kama tungefikiria kumtumia sampuli kabla ya mwisho wa mwezi. Tunaendelea kufikiria.

JIBU: Tumeni wiki hii. Kwa Waingereza, ulaini wa namna hiyo mara nyingi ni heshima tu ya kuombea kitu wanachokihitaji. Tazameni kama ombi limefungwa na tarehe au kiasi. Lako limefungwa na tarehe, kwa hiyo lichukulieni kama agizo. Jibuni: "Jumatano tunatuma gramu 300 za kahawa mbichi, na namba ya kufuatilia kifurushi mtaipata siku hiyohiyo. Mnafikiria kununua kilo ngapi, na mtaamua lini?" Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu mnunuzi anaweza pia kuandika kwamba "kimsingi ana nia" au "atalizingatia" bila kutaja tarehe wala kilo. Hiyo si oda. Msikope benki wala kukusanya kahawa ya wanachama kwa maneno hayo, hata yakiwa matamu kiasi gani.

SWALI: Mteja wa Nairobi anataka dagaa wapya mwezi Juni, na ziwa limetangazwa kufungwa. Tumwandikie kwamba huenda wasipatikane?
Mfanyabiashara, Kigoma mjini

JIBU: Hapana. Tangazo huja na tarehe. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwandikie wazi kwamba Juni hakuna dagaa wapya, mtajie siku ziwa litakapofunguliwa, na umweleze una magunia mangapi ya wakavu stoo. "Huenda" yako iweke kwa kiasi cha samaki watakaovuliwa baada ya kufunguliwa, kwa maana hicho ndicho usichokijua.