Usilipe arbuni ya hilo zulia kabla hujaona mgongo wake

Mkuu, simamisha malipo. Unauliza uchukue la kijivu au la bluu, kama linafaa chini ya meza ya chakula, na lifuliwe vipi. Tangazo ulilobandika linasema "sufu asilia, kazi ya mkono, mchoro wa msanii". Neno fundo, yaani uzi uliofungwa mmoja mmoja kwenye zulia, liko wapi? Hayo matatu yote yanaweza kuwa kweli na bado ukauziwa zulia la gundi.

La gundi hutengenezwa hivi: kitambaa kinavutwa kwenye fremu, fundi anachomeka nyuzi kwa bunduki ya sindano, mgongo unapakwa gundi ya mpira na kufunikwa kitambaa kingine. Fundo hakuna hata moja. Ila bunduki si imeshikwa kwa mkono? Basi muuzaji anakukazia macho na kukuapia kwamba ni la mkono, na bei anakupiga ya mafundo. Wanajua wanachofanya, wale! Baada ya miaka michache gundi inakauka na kumomonyoka, unafagia unga chini ya zulia. Likilowa linanuka, na kitambaa kinaachia. Cheti nilichopewa mimi kina muhuri wa dhahabu. Ndicho kitu pekee cha zulia lile ambacho hakijabanduka.

La mafundo ni habari nyingine. Kathmandu, Nepal, uzi unazungushwa kwenye mtande (nyuzi za urefu zilizovutwa kwenye kitanda cha kufumia) pamoja na fimbo ya chuma. Safu ikijaa, fimbo inagongwa kwa nyundo, vitanzi vinakatwa kwa kisu, kisha mshindio, uzi wa kukingama, unapita.

Kwa hiyo PINDUA. Mgongoni uone mchoro uleule wa mbele, fundo kwa fundo, bila kitambaa. Akikwambia kitambaa ni cha kulinda sakafu, afumue kona moja. Matamvua, kama yapo, yawe ncha za mtande wenyewe, si utepe ulioshonewa. Halafu likunje mpaka manyoya yaachane: kwenye shina uone safu za mafundo.

Ukishaona mafundo, weka rula uhesabu. Kumi kwa kumi ndani ya inchi moja ya mraba ni 100, na zulia lako la mita 2 kwa 3 litakuwa na kama 930,000. Likiwa la mafundo 60 kwa inchi ya mraba, kila fundo lina upana wa milimita 3 hivi, na ile mistari myembamba ya brashi kwenye mchoro wako itatoka ngazi ngazi.

Jina la msanii lisikulevye. Ni kweli miaka ya 1920 Mfaransa Marie Cuttoli alitengenezesha mazulia ya mafundo Algeria kwa michoro ya mchoraji Fernand Léger. Lakini sahihi inahusu mchoro tu, haisemi kilichoko chini ya manyoya.

Rangi chagua yoyote. Mwambie akutumie picha ya mgongo, kona imekunjwa na rula imelazwa juu yake, uiweke hapa tuhesabu.