Vipele baada ya homa: barua kwa mwanangu

Tukuyu, Jumapili jioni

Marahaba, mama.

Nimeiona picha ya tumbo la mjukuu wangu. Unauliza kama ni surua, maana homa ya siku tatu ilimtoka jana na leo kaamka na vipele. Tena jirani yako hapo Uyole kakwambia usimwogeshe, umfunike mablanketi "vitoke vyote".

Kilichonituliza ni huo mfuatano: homa imeondoka, ndipo vipele vikaja. Surua huanza na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, na vipele vinapotokeza usoni na nyuma ya masikio, homa bado iko juu. Huyu vimemwanzia tumboni na mgongoni, macho meupe, na umesema tangu asubuhi anamvuta paka mkia. Hata hivyo tazama kadi ya kliniki kama ile chanjo ya miezi 9 ya surua na rubela imeandikwa.

Mimi naona ni ule ugonjwa madaktari wanaouita roseola. Huwapata sana watoto wa miezi 6 hadi miaka 2, na vipele vyake hufifia vyenyewe siku mbili tatu. Ni virusi, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Hukaa kwenye mate ya watu wazima tusioumwa chochote. Usicheke, lakini wiki mbili zilizopita nani alikuwa anaonja uji kwa kijiko cha mtoto?

Sasa hayo mablanketi. Ulipokuwa na miezi 11, Julai, baridi ya huku unaijua, homa ilikupanda nikakuzungushia mablanketi mawili na kitenge, jiko la mkaa ndani, dirisha nimefunga. Ukageuza macho, mikono ikaanza kurukaruka. Nikashika kijiko nikuzibue meno. Bibi yako akaninyang'anya, akakuvua zote, akakulaza ubavu na kufungua dirisha. Degedege huletwa na homa yenyewe, sawa, ila yale mablanketi yalikuchemsha bure, na moshi wa mkaa ungeweza kutumaliza wote wawili.

Kwa hiyo mwogeshe, maji ya vuguvugu, nguo moja nyepesi, na umnyonyeshe kila anapotaka. Homa ikirudi, mpe parasetamo ya maji kulingana na uzito wake, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe kabisa. Kumpima malaria siku ile ya pili ulifanya la maana.

Kisha chukua glasi, ikandamize juu ya vipele. Vikififia chini ya kioo, vizuri. Visipofifia, au akalegea, akakataa ziwa, akapumua kwa shida, akapata degedege, usipoteze muda kunipigia mimi. Panda bajaji uende hospitali usiku huohuo.

Ijumaa nakuja na mkungu wa ndizi na maparachichi. Kijiko changu nitakuja nacho.

Mama yako